Taswira za Miambani (Mfangano na Takawiri)

Taswira za miambani ni michoro ya kale iliyomo katika mapango ya kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, jirani na kisiwa kidogo cha Takawiri katika Ziwa Viktoria. Nayo ni mfano ulio dhahiri wa sanaa istahikiyo kuitwa ya kidhahania, yaani isiyoiga umbo la kiumbe wala la kitu kionekanacho kwa macho. Huko Mawanga na Kwitone, mahali palipo mashuhuri zaidi, jabali limepambwa kwa rangi nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara, wala mtazamaji haoni humo mnyama, mwanadamu wala mtumbwi, ijapokuwa ziwa lenye samaki tele limetanda chini yake.

Wanaakiolojia huinasibisha michoro hiyo na wawindaji wa kale wa asili ya Watwa. Wasuba, waliokuja baadaye kutoka upande wa Uganda, waliipokea kwa heshima na taadhima, wakaihusisha Mawanga na dua za kuomba mvua. Kwa sababu hiyo haifai kuisifu kuwa ya kinjozi au ya kubuni tu, kwa maana njozi ni ya mtu mmoja, hali alama hizi zilikuwa amana ya kaumu nzima, zikitumika katika ibada na kuheshimiwa kizazi baada ya kizazi.

Takawiri yenyewe inajulikana zaidi kwa ufuo wake wa mchanga mweupe, na wasafiri watokao Mbita huipita wakielekea Mfangano.