Mota isiyojua ilipo

Mniwie radhi, nimepotea kidogo. Wiki mbili hizi nimekuwa nikishinda Keko kwa baba mdogo, fundi samani, nikimuunguzia vitu vyake. Ngoja nieleze.

Baba mdogo amechonga milango ya mninga kwa patasi tangu mimi sijazaliwa. Mwaka huu kaamua kuunda mashine ya CNC, yaani ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Fremu kaichomelea mwenyewe, imenyooka kama rula. Zilibaki mota na vifaa vya umeme, na hapo ndipo aliponiita. "Mwanangu, wewe si ndiye unayesomasoma? Niambie, ninunue sevo au stepa?" Hela yenyewe ni ya upatu. Zamu yake nyingine ni mwakani.

Mimi ni mwandishi wa habari, mota sizijui. Nikafanya kile nilichofundishwa: kutafuta jambo lilianzia wapi.

Lilianzia Michigan, Marekani, miaka ya 1940. John Parsons alikuwa na kazi ya kutengeneza mapangaboi ya helikopta za Sikorsky. Umbo la pangaboi ni mkunjo mgumu kuuchora kwa mkono. Mwenzake, Frank Stulen, akatumia mashine za kadi zenye matundu kukokotoa nukta nyingi za mkunjo ule. Kisha ukafanyika mchezo ambao baba mdogo aliucheka sana: mtu mmoja anasoma namba kwa sauti, wawili wanazungusha mikono ya mashine, huyu upande wa urefu, yule upande wa upana. Nukta moja, nyingine, nyingine tena.

Parsons akajiuliza kwa nini wale wawili wasiwe mota. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani likampa mkataba, naye akaomba msaada kwa maabara ya chuo cha MIT. Septemba 1952 MIT ikaonyesha mashine inayosoma utepe wa karatasi wenye matundu na kukata chuma yenyewe. Ilikuwa na vali za kioo zaidi ya 200, zile zilizotangulia transista, na makabati ya umeme makubwa kama majokofu. (Parsons mwenyewe aliwekwa kando njiani. Hataza yake na Stulen ilitoka mwaka 1958, na nishani ya taifa akaipata mwaka 1985. Hilo nitaliandikia siku yake.)

Makabati yale yalikuwa ya nini? Sehemu mojawapo ilikuwa ya kuhakikisha. Kila mota ilipozunguka, kifaa kingine kilirudisha habari: nimefika hapa. Kama hajafika, anasukumwa mpaka afike. Hiyo ndiyo sevo. Ni kama kibarua anayezungusha mkono wa mashine huku jicho liko kwenye rula.

Stepa ni kibarua wa aina nyingine. Unamwambia zungusha hatua 200, anazungusha, hatazami kitu. Kila mpigo wa umeme unaisogeza hatua moja, nyuzi 1.8 kwa zile za kawaida, hivyo hatua 200 ni mzunguko kamili. Ukiifunga kwenye skrubu inayosogea milimita 5 kwa mzunguko, hatua moja ni milimita 0.025. Patasi gani itakupa hiyo? Lakini kisu kikigonga fundo la mti na mota ikakwama, kompyuta haina habari. Inaendelea kuhesabu, na ua lililobaki linachongwa pembeni ya mahali pake.

Sasa kwa nini mashine nyingi za nyumbani zinatumia huyu asiyetazama? Kwa sababu alikuwa jalalani! Diski za floppy na printa za zamani zilisogezwa na stepa, zilipokufa watu wakazichomoa. Halafu programu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika programu ya kuongoza mashine miaka ya 1990 na kuiacha wazi kwa umma. Ndiyo iliyozaa LinuxCNC. Kompyuta kuukuu ilitoa mipigo kupitia tundu la printa. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath akaanzisha RepRap, na mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway akatoa Grbl, inayokaa kwenye kibao cha Arduino kinachoenea kiganjani. Mwaka 2013 Afate Gnikou wa Lomé, Togo, akaunda printa ya 3D kwa mabaki ya printa na skana. Huyu ndiye aliyemtuliza baba mdogo, si wale wa MIT.

Tukanunua stepa. Dukani walituambia NEMA 23 ina nguvu kuliko 17 "kwa sababu namba ni kubwa". Si kweli. Namba ile ni upana wa uso wa mota, inchi 2.3, kama milimita 57. Nguvu utaisoma kwenye karatasi ya mota, pamoja na ampea za kila koili. Tena angalia volti: stepa ikikimbia, umeme haupati muda wa kujaa kwenye koili, kwa hiyo nguvu inashuka. Pawa saplai ya volti 36 itaikimbiza vizuri kuliko ya 12, mradi draiva inaimudu.

Draiva. Hapo ndipo nilipoharibu. Jumanne nilichomoa waya wa mota umeme ukiwa unawaka. Koili ikikatiwa mkondo ghafla hurusha volti kubwa, nayo ikapita kwenye draiva. Harufu mnaijua. Shilingi 85,000 za upatu zikaondoka kwa sekunde moja, nami ndiye niliyekuwa nimejifanya mwalimu. Baba mdogo alinyamaza, akachukua chaki, akaandika kwenye kabati: ZIMA KWANZA.

Draiva mpya nimeinunua kwa posho yangu. Jana jioni tulijaribu kwenye kipande cha mbao laini, kasi ndogo, kisu kikila milimita moja. Ikachora duara, ikarudi ilipoanzia. Baba mdogo akapiga magoti, akapima kwa rula yake, kisha akaniambia niirudie, safari hii kwenye mninga.