Disasi Makulo na Fundi Grenfell: Historia ya Watu Wadogo wa Mto Wetu

Watu wa Kisangani tukisema historia ya mji wetu, majina yanayotoka kinywani ni yale yale: Tippu Tip, Stanley, Lumumba. Hayo ni majina ya wakubwa, na hatuyakatai. Lakini mji haujengwi na wakubwa peke yao. Nani alikata kuni za mashua ya moshi? Nani alibeba vyuma vya reli ya kwenda Ubundu, ile ya kilometa 125 iliyofunguliwa mwaka 1906? Ni baba za babu zetu. Na majina yao yako wapi? Ingia leo katika parseli za Mangobo, Kabondo ao Lubunga, uliza kijana jina la baba ya babu yake: mara mingi atanyamaza, ao atakutuma kwa mzee mmoja aliyeko mugini. Na ukifika mugini, utakuta matanga ya mzee huyo yalikwisha zamani.

Katika insha hii tunataka kusema jambo moja tu. Maisha ya mtu wa kawaida ni historia kamili, na jamaa isiyoandika maisha ya watu wake inaachia wengine kazi ya kuyasimulia. Ili tuonyeshe hilo, tutafuata watu wawili waliokutana juu ya mto wetu: kijana mmoja wa upande wa Basoko, na mwanafunzi wa kazi mmoja kutoka Uingereza.

Kijana wa Bandio

Disasi Makulo alizaliwa karibu na mwaka 1871 katika mugini wa Bandio, kati ya watu wa Turumbu. Baba yake aliitwa Asalo, mama yake Boheheli. Hawakuwa wafalme. Walikuwa watu wa shamba, wa pori na wa mto, kama jamaa nyingi za kwetu.

Wakati ule vikosi vya watu wenye bunduki vilikuwa vinashuka mto kutafuta pembe za ndovu. Bakoko wetu waliwaita Batambatamba. Kazi yao ilikuwa rahisi kueleza na mbaya kutazama: walizunguka mugini mapema, wakachoma nyumba, wakakamata wanawake na watoto, kisha wakangoja. Jamaa iliyoleta pembe iliweza kukomboa mtu wake. Ile isiyokuwa na pembe ilimwona mtu wake akienda na kamba shingoni. Mwezi wa Novemba 1883, Stanley alipopanda mto kuja kwenye maporomoko, alikuta kambi moja ya namna hiyo upande wa Yangambi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba ndani yake mlikuwa mateka zaidi ya 2,000, wengi wao wanawake na watoto.

Disasi alikuwa mmoja wa watoto waliokamatwa na watu wa Tippu Tip katika miaka hiyo. Stanley akamtoa mikononi mwao, pamoja na wengine, kwa kulipa. Hapo tusimame kidogo. Katika vitabu vya masomo yetu ya zamani neno lililotumiwa ni "kukombolewa". Lakini mtoto aliyenunuliwa na mtu wa pili hajui bado kama ameachiliwa ao amebadilisha bwana. Mashua haikumrudisha Bandio, ilimshusha mpaka Kinshasa, mamia ya kilometa mbali na mama yake. Huko alikabidhiwa kwa Mwingereza mmoja, Anthony Swinburne, mkubwa wa kituo. Baadaye akapita mikononi mwa Mwingereza mwingine, na ndiye tunayetaka kumtazama sasa.

Fundi wa Birmingham

George Grenfell alizaliwa mwaka 1849 Sancreed, katika jimbo la Cornwall, mwisho kabisa wa Uingereza upande wa magharibi. Jamaa yake ilihamia Birmingham, mji wa viwanda, wa moshi na wa nyundo. Alipotoka masomo, kijana aliwekwa kujifunza kazi katika nyumba ya biashara ya vyuma na mashine. Hakuwa mtoto wa bwana mkubwa. Alikuwa mtu wa kazi, kati ya maelfu ya watu wa kazi wa mji ule.

Aliingia kazi ya misioni ya Wabatisti, akaanza Kameruni. Huko mke wake wa kwanza alikufa, hata mwaka mmoja wa ndoa haukutimia. Mwaka 1878 akaoa Rose Edgerley, mwanamke mweusi mwenye asili ya Jamaika. Kwa hiyo watoto wa Mwingereza huyu walikuwa na damu ya Afrika, na bibi yao alitoka katika taifa la watu ambao bakoko wao pia walivushwa bahari kwa nguvu. Jambo hili halisemwi mara nyingi, lakini linaonyesha namna jamaa za dunia zinavyofungamana.

Kule Kongo, ujuzi wa Birmingham ulimfaa. Mashua ya moshi iliyoitwa Peace ilijengwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa vichwani na wapagazi kupita njia ya milima mpaka Kinshasa. Mafundi waliotumwa kuiunga walikufa kwa magonjwa. Grenfell akaiunga mwenyewe mwaka 1884, pamoja na mafundi Waafrika waliokuwa naye. Mwisho wa mwaka ule ule alifika kwa mashua hiyo hapa kwetu, kwenye maporomoko. Tunajua tarehe ya mashua. Tunajua jina la kiwanda kilichoitengeneza, Thornycroft. Majina ya wapagazi waliovunjika shingo kwa kubeba vyuma vyake ni nani anayeyajua?

Disasi alikua karibu na mtu huyo. Alijifunza kusoma, kuandika na kusafiri juu ya mto, akabatizwa mwaka 1894. Mwanzoni mwa karne ya 20, misioni ilipofunguliwa Yalemba, karibu na Basoko, Disasi alikuwa katika watu walioianzisha. Basi, yule mtoto aliyetolewa kwao kwa kamba alirudi karibu na kwao na kitabu mkononi. Grenfell mwenyewe alikufa Basoko tarehe 1 Julai 1906, akazikwa kulekule. Tusiseme alikuwa mtakatifu. Alimwamini Leopold wa Pili kwa muda mrefu, na mwaka 1896 alikubali kuwekwa katika tume ya kulinda wenyeji, tume ambayo haikuwa na meno, wakati watu walikuwa wanapigwa na kukatwa mikono kwa ajili ya kaucho. Alikawia kuona, lakini mwisho aliona.

Nani aliandika maisha yao?

Sasa tufike kwenye kiini. Watu watatu walipita juu ya mto mmoja, kila mtu na historia yake.

Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajafa Zanzibar mwaka 1905. Ndani yake anahesabu safari, vita na pembe. Watu waliotekwa wanapita pale kama mizigo. Grenfell aliandikiwa na wenzake: mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya kifo chake, Sir Harry Johnston alitoa vitabu viwili vikubwa juu yake na juu ya Kongo. Na Disasi? Alikufa mwaka 1941. Hakuna serikali wala chuo kilichomtafuta. Lakini alimsimulia mtoto wake, Makulo Akambu, na mtoto aliandika. Kitabu kilichapwa Kinshasa mwaka 1983, kwa Kifaransa, miaka 42 baada ya mzee kuzikwa.

Fikirini basi: kama mtoto yule angesema "nitamuuliza baba siku ingine", leo tungekuwa na kambi ile ya 1883 kwa macho ya wenye bunduki na wenye mashua tu. Macho ya mtoto aliyefungwa kamba yangezikwa pamoja naye. Wanahistoria wa Ubelgiji na wa kwingine wanaoandika leo juu ya Kongo wanategemea kitabu hiki, kwa sababu mtoto mmoja alikaa karibu na baba yake mzee akamsikiliza.

Daftari la Uingereza na lokole ya kwetu

Mtu atasema: Waingereza wana bahati, kwao kila kitu kimeandikwa. Ni kweli. Tangu mwaka 1538 paroko zao ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Tangu 1837 serikali inaandika kila anayezaliwa na anayekufa, na hesabu ya watu ya 1841 iliandika majina ya watu nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo mjukuu wa mchimba mawe ao mfua chuma wa Birmingham anaweza kupanda mpaka kizazi cha nane, hata kama babu yake hakujua kuandika jina lake.

Lakini bakoko wetu hawakuwa bila daftari. Watu wa mto, Walokele na jirani zao, walikuwa na lokole. Mwingereza mwingine, John Carrington, aliyefika Yakusu mwaka 1938 na kuandika kitabu juu ya ngoma hizi mwaka 1949, alieleza vizuri jina la ngoma lilivyo. Lina sehemu tatu: jina la mtu mwenyewe, jina la baba yake, na jina la mugini wa mama yake. Kumbe kila mara mtu alipoitwa kula ao kuja kwenye baraza, jamaa yake yote ilitangazwa juu ya maji, upande wa baba na upande wa mama! Lile lilikuwa daftari la kusikia. Shida ni kwamba daftari la namna hii linaishi muda wote wapigaji na wasikilizaji wanapoishi. Lokole ikinyamaza na karatasi haipo, jamaa inabaki bila pande zote mbili.

Na karatasi chache tulizokuwa nazo, vitabu vya kazi vya Otraco na vya reli, karatasi za ubatizo, picha za ndoa, ziliungua ao ziliibwa: mwaka 1964, mwaka 1967, na zile siku sita za Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu juu ya vichwa vyetu.

Ukweli wenye miiba

Kuna sababu ingine ya kunyamaza, na ni lazima tuiseme. Jamaa nyingi zinaogopa zitakachokuta. Wengi waliobeba bunduki za Batambatamba walikuwa wenyewe watoto waliotekwa. Ngongo Lutete, kwa mfano, alianza mateka akaishia mkubwa wa vita. Disasi pia angeweza kukua hivyo, kama mashua ya Stanley isingepita. Kwa hiyo katika Kisangani ya leo, wajukuu wa waliofungwa kamba na wajukuu wa walioishika wanaoana, wanaswali na kusali jirani, wanauziana samaki. Mara nyingi ni jamaa moja.

Hii si aibu, ni dawa. Tangu mwaka 2023 tumeona Wambole na Walengola wakiuana kwa ajili ya udongo, na watu wakikimbilia mjini na mikeka kichwani. Mtu anayejua mugini wa mama ya bibi yake hana haraka ya kumwita jirani "mgeni", kwa sababu anajua yeye mwenyewe ana asili ngapi.

Tunapendekeza basi kwa kila jamaa kazi ndogo. Chukueni kaye moja. Kaeni na mzee kabla ya mvua kubwa, si siku ya matanga yake. Muulizeni majina matatu ya lokole: lake, la baba yake, mugini wa mama yake. Muulizeni alifanya kazi gani ya kwanza, alilipwa nini, alifika mjini kwa mguu, kwa mtumbwi ao kwa reli. Andikeni maneno yake katika lugha anayosemea, hata yale yasiyopendeza. Wekeni nakala mbili, katika nyumba mbili.

Wazee wanasema: mwacha asili ni mtumwa. Disasi Makulo alikuwa mtumwa kweli, kwa kamba na kwa bei, lakini asili yake hakuiacha, na mtoto wake aliipokea. Sisi ambao hatujafungwa na mtu, tusiiache yetu ianguke.