Mchezaji wa ridhaa wa sataranji mtandaoni
Ni mtu achezaye sataranji kwa njia ya intaneti pasipo ujira, aghalabu katika Chess.com, iliyoanza 2007, au Lichess, iliyoanza 2010, na daraja lake hupimwa kwa hesabu zilizochipuka katika kanuni za Arpad Elo. Kwa kuwa hupenda michezo ya dakika 3 au 5, uhodari wake ni wepesi wa jicho katika mitego ya farasi, hali subira ya kumalizia mchezo uliobakiwa na wafalme na askari ni adimu kwake. Ada yake mashuhuri, wala si njema, ni kumhimiza malkia pamoja na askofu wauvamie mapema mraba wa f7, unaolindwa na mfalme peke yake, hila impatayo mwanagenzi tu. Na akishindwa, hudai mchezo wa pili kwa ghadhabu kabla ya kuutalii ule uliokwisha.