Ritifaa, kistari kirefu na kitufe cha Alt

Mpangaji herufi wa enzi za risasi alikuwa na alama mbili za kunukuu, ya kufungua na ya kufunga, na kila moja ilikaa katika kijumba chake sandukuni. Taipureta, zilizoanza kuenea Marekani baada ya Remington ya mwaka 1874, hazikuwa na nafasi hiyo. Kila kitufe kilihitaji mkono wake wa chuma, kwa hiyo watengenezaji wakabana matumizi: alama mbili zikawa moja, iliyosimama wima. Mashine nyingi hazikuwa hata na tarakimu 1. Mpigachapa aliweka herufi l. Alama ya mshangao ilipigwa kwa hatua tatu: ritifaa, kurudi nyuma, nukta. Kistari kirefu kikawa vistari viwili vifupi.

Kompyuta ilirithi ubahili huo. ASCII, mfumo wa kuzipa herufi namba uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, na nyingine zilitengwa kwa ajili ya kuendeshea mitambo. Kistari kirefu hakikupata nafasi, wala alama za kunukuu zilizopinda.

Mwaka 1981 ikaja kompyuta ya IBM na mbinu ambayo bado inatumika: unashikilia Alt, unaandika namba kwenye vitufe vya tarakimu vilivyo kulia mwa kibodi, kisha unaachia. Alt na 130 ilileta é. Lakini jedwali lake la alama 256 lilikuwa na kopa, nyuso za kutabasamu na mistari ya kuchorea visanduku, huku alama za kunukuu za wapangaji herufi zikiachwa nje. Kwa mashine iliyokwenda kukaa juu ya meza za waandishi, huo ulikuwa upungufu mkubwa.

Kompyuta ya Macintosh ya 1984 ndiyo iliyoziheshimu alama za wapangaji herufi. Bonyeza Option pamoja na kistari, unapata kistari cha wastani. Ongeza Shift, unapata kirefu. Ilikuja na programu ndogo, Key Caps, iliyomwonyesha mtumiaji kila alama imejificha nyuma ya kitufe gani. Si ajabu wasanifu wa kurasa waliipenda.

Windows ilipoleta jedwali jipya, lile la zamani halikufutwa, na tofauti ikawekwa kwenye sifuri. Alt na 151 huleta ù ya jedwali la IBM; Alt na 0151 huleta kistari kirefu. Kwa hiyo waandishi wakakariri: 0147 kufungua nukuu, 0148 kufunga, 0146 ritifaa. Baadaye programu za kuandikia zikaanza kuzipinda alama zenyewe, na kompyuta nyingi za mapajani zikaondoa vitufe vya tarakimu. Maarifa hayo yakaanza kupotea.

Unicode, iliyotoka mwaka 1991, ilimaliza vita vya majedwali kwa kuipa kila alama namba yake. Kwa Kiswahili, hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwetu ritifaa ni sehemu ya tahajia. Iondoe kwenye ng'oa na unabaki na ngoa, yaani wivu. Sasa ng'ombe wa kibodi ya simu, mwenye ritifaa iliyosimama, na ng’ombe wa programu ya kuandikia, mwenye ritifaa iliyopinda, wanasomeka sawa machoni, lakini kwa kompyuta ni maneno mawili. Unicode ina hata ritifaa ya tatu, inayohesabiwa kuwa herufi kamili. Programu ya kutafutia ambayo haikufundishwa kuzilinganisha itakuletea nusu ya habari zako za ufugaji na kuificha nusu nyingine. Kamusi ya kusahihishia tahajia nayo itapiga mstari mwekundu chini ya neno lililoandikwa vizuri kabisa.

Rai yangu kwa vyumba vya habari, wachapishaji na wanaounda programu za Kiswahili: kwenye hifadhi za maandishi tumieni ritifaa iliyosimama, kwa kuwa kila kibodi na kila simu inayo, kisha ipindwe wakati wa kupanga kurasa za kuchapwa. Na wewe unayeandika kwa Windows, kama kibodi yako ina tarakimu pembeni, washa Num Lock, shikilia Alt, andika 0151, achia. Kistari kirefu kitatokea.