Skrubu ya titani na chumvi ya Balangida

Wadau, mwaka 1965 kule Gothenburg, Sweden, Profesa Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia Gösta Larsson skrubu za titani kwenye taya ili zishike meno bandia. Hospitali ya Haydom, Mbulu, ilikuwa na miaka 10 tu. Larsson alifariki 2006, skrubu zikiwa bado kazini. Miaka 41!

Titani peke yake haitoshi. Mfupa huchukua miezi kadhaa kushikana nayo, na kidonda cha fizi kikiingia usaha kazi yote inaweza kuharibika. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aache sigara, ale vyakula laini na, kuanzia siku ya pili, asukutue taratibu kwa maji vuguvugu ya chumvi. Hapo nilicheka. Chumvi! Chini ya Mlima Hanang watu wanaikusanya Ziwa Balangida tangu enzi za mababu (kwa kidonda, jamani, tumieni ya dukani).

Magadi ni habari nyingine. Mara nyingi yana floraidi nyingi, na yakipikiwa makande, pamoja na maji ya Bonde la Ufa, huwaachia watoto meno ya kahawia ambayo mswaki hauyasafishi. Sasa wapo wanaotaka kuyang'oa wapandikiziwe mapya. Kung'oa jino zima kwa sababu ya rangi? Mimi hapana.