Sheria na Tarehe ya Kutengenezwa: Historia ya Mkanda wa Bega katika Ndege Ndogo za Marekani

Historia ya mikanda ya usalama katika ndege ndogo inaonyesha jinsi ujuzi unavyoweza kuitangulia sheria kwa miongo kadhaa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Hugh DeHaven, Mmarekani aliyekuwa akijifunza urubani, alinusurika ajali ya ndege lakini aliumia vibaya tumboni. Baadaye alilihusisha jeraha hilo na bizimu ya mkanda wake. Kuanzia mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Cornell, alichunguza ni nini hasa humjeruhi mtu ndege inapoanguka. Mkanda wa kiunoni huzuia nyonga tu. Kiwiliwili hurushwa mbele na kichwa kugonga dashibodi.

Hata hivyo, sheria ya Marekani ilidai mikanda ya bega kwa viti vya mbele vya ndege ndogo zilizotengenezwa baada ya 18 Julai 1978, na kwa viti vyote vya zile zilizotengenezwa baada ya 12 Desemba 1986. Ndege kongwe hazikulazimishwa, ingawa uchunguzi wa serikali wa mwaka 1985 ulikadiria kuwa asilimia 20 ya waliofariki katika ajali zilizochunguzwa wangaliweza kuokolewa na mkanda huo.

Ndege ndogo hutumika kwa miongo mingi. Kuiongezea mkanda kunahitaji kiunzi kinachohimili mshtuko, fundi mwenye idhini na fedha za mwenye ndege. Kwa hiyo mshauri wa sera anayepima kanuni kwa tarehe ya kutengenezwa hana budi kuuliza kwanza: ni abiria wangapi wanaobaki nyuma ya tarehe hiyo?