Kuchagua kinga: mafundisho ya barabara zetu

Wengine wanasema baiskeli, wengine wanasema velo. Sisi huku mashariki ya Kongo tunasema kinga. Mara mingi vijana wanatuuliza: "Wazee, tuko na pesa kidogo, tununue kinga gani?" Wanafikiri ni swali la soko tu. Sisi tunaona ni swali la historia pia, kwa sababu kinga na nchi hii vimefahamiana tangu zamani, na mwanzo wake haukuwa mzuri.

Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa kinga yenye magurudumu mawili ya kulingana, na shene inayozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888, kule Belfast, John Boyd Dunlop, aliyekuwa muganga wa wanyama, akaandikisha mpira wake wenye hewa ndani. Watu wa Ulaya wakapenda kinga kabisa, na baadaye magari pia, na viwanda vikatafuta mpira kila mahali.

Wakati ule Kongo ilikuwa mikononi mwa mfalme Leopold II, tangu 1885. Katika misitu yetu kulikuwa kamba za porini zenye utomvu wa mpira. Vijiji vingi vilitumikishwa kuukusanya kwa nguvu. Mwanaume akishindwa kuleta kiasi, mke wake alifungwa; wengine waliuawa, wengine wakakatwa mkono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 ilifunua mambo hayo, na mwaka 1908 Ubelgiji ikachukua koloni kutoka kwa mfalme. Basi mtu asituambie kwamba kinga ni kitu cha wazungu peke yao. Sehemu ya bei yake ililipwa hapa kwetu, na waliolipa hawakuipanda.

Baadaye, katika wakati wa ukoloni, kinga ilifika kwa karani, kwa mwalimu na kwa katekista. Ilikuwa heshima. Ilikuwa ya chuma kizito, ya kukaa wima, magurudumu makubwa ya 28, freni za vyuma virefu, kama zile Raleigh za Uingereza. Kisha zikaja za China na za India, kama Phoenix na Hero, lakini umbo ni lile lile. Kwa nini halikubadilika? Kwa sababu chuma kikivunjika, fundi wa mugini anakichoma na kazi inaendelea. Kipande kimoja kikikosekana, utakipata kwenye soko ndogo.

Mafundisho makubwa tuliyapata katika vita vya 1998 hadi 2003. Malori yalikosa njia, mafuta yalikosekana, mashua mingi hazikupita tena kwenye mto. Pale Kisangani vijana waliweka kiti cha sponji nyuma ya kinga na kubeba abiria. Watu wakaziita toleka. Katika misitu ya Maniema na Tshopo wachuuzi walisukuma kinga siku nyingi, zimejaa chumvi, sabuni, nguo na bidoni za mawese. Hawakuzipanda. Walifunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakatembea kando. Kadre waliiongezea vyuma ili isipinde. Kinga ile ile ya karani ikageuka kuwa lori la watu masikini, na miji ilikula juu yake.

Huku Kivu ya Kaskazini tuko na mfano mwingine: chukudu. Wengi wanasema ilianza miaka ya 1970. Haina pedali wala shene. Ni ya mbao ngumu, magurudumu yake yamevikwa mpira wa magari uliochakaa, na freni yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu. Aliyeibuni aliangalia mlima kwanza: kutoka Kibumba kwenda Goma njia inateremka, basi mzigo wa viazi, kabichi au makala unashuka wenyewe. Kupanda, mtu anasukuma. Goma ikaisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya zahabu, na hiyo ni haki yake.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tunamwambia ajiulize maneno matatu kabla ya kutoa feza. Nitabeba nini? Nitapita wapi? Nani atanitengenezea? Mwenye kubeba makala au mihogo achukue kinga ya chuma ya 28, na kiti cha mizigo chenye nguvu. Mwalimu au mwanafunzi wa mahali pa vilima, asiyebeba kitu, anaweza kuchukua ile ya vitesi, magurudumu ya 26, mradi fundi wa karibu anaijua. Mama anayevaa kikwembe achague ile isiyo na chuma cha juu, apande bila taabu. Na kadre ya aluminiumu, hata ikiwa nyepesi, fundi wengi wa mugini hawawezi kuichoma.

Mmoja wetu alinunua ile ya vitesi kwa sababu ya rangi yake. Aliipakia magunia mawili ya viazi. Gurudumu la nyuma lilipinda siku ya kwanza, na minerval ya watoto ilikuwa ndani ya bei ile. Hatumchekeshi, hata sisi tuliisifu ilipofika.

Wazee wetu walitoa mpira bila kuulizwa. Sisi leo tunaulizwa: unataka ipi? Basi tusijibu kwa macho tu. Tuangalie njia, tupime mzigo, kisha ndipo tushike usukani.